Dredi Zilizosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Jana mchana Shangazi aliweka beseni la majani ya mkunazi yaliyotwangwa karibu na miguu yangu, na harufu ilipopanda tu nikarudi kuwa mtoto wa miaka minane mwenye kopo tupu mkononi. Harufu yenyewe si nzuri wala si mbaya. Ni ya majani mabichi yaliyolala kwenye maji, na chini yake kuna kitu kama sabuni, ingawa sabuni haimo. Niliiogopa muda mrefu kabla sijaipenda. Naandika hapa daftarini kwa sababu kuisimulia kwa mdomo siwezi. Wanaonijua toka shuleni wanajua: nikiulizwa swali, jasho hunitoka hata kama jibu ninalo.

Nywele zangu sasa hivi zinashikika kwa vidole viwili. Nyinyi wenzangu mliosoma na vichwa vya kunyolewa mnaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kuziona zikizidi unene wa sarafu. Tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilimwambia Shangazi, kwa sauti ndogo, kwamba nataka dredi kama zake. Akaniangalia sana. Akasema, "Basi usichane. Osha, kausha, tulia. Zikishikika utaniita."

Zimeshikika, nimemwita, na ndiyo maana beseni likaja.

Shangazi Mwanahawa ni dada yake Baba. Baba na Mama walikuwa kijijini Mwera wakilima, nami nikaletwa mjini, Ngamiani, nisome, nikakaa kwenye nyumba ya Bibi, mama yao. Tulikuwa watatu tu: Bibi, Shangazi na mimi. Bibi alikuwa msukaji wa ukili, ile mishipi ya miyaa inayoshonwa ikawa mkeka. Ukipita barazani ulimkuta na fungu la miyaa pajani, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yanakutazama, mdomo unakuuliza umekula nini. Mikeka yote ya nyumba ile ilipita kwenye mikono yake.

Halafu kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Mkono wa kulia ukalala kando yake kama kitu cha mtu mwingine, maneno yakawa mazito, na ukili ukaishia pale, maana ukili unataka mikono miwili. Ila mkono wa kushoto haukukubali kupumzika. Ulichezea pindo la shuka, ulifumua mkeka ulioning'inia kitandani, ulitafuta kazi mchana kutwa.

Ukaipata. Shangazi alikuwa anakaa chini, mgongo umeegemea kitanda, akipembua mchele au akinisikiliza nikisoma, na kichwa chake kilifika pale pale mkono wa Bibi ulipoishia. Siku hizo hakuwa na muda wa kusuka wala kuchana. Alikuwa anamgeuza mgonjwa, anafua, anapika uji. Nywele zilikuwa zimejiachia tu. Basi Bibi akaanza kushika fungu dogo nyuma ya sikio la kulia, akalisokota kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyosokota kamba ya miyaa. Kusuka mkono mmoja hauwezi. Kusokota unaweza.

"Nisamehe mwanangu," alisema siku ya kwanza, polepole, "nakushika kwa kushoto."

"Kushoto kwako wewe ni kulia kwangu, Mama," Shangazi akajibu bila kugeuka. "Endelea."

Masika yakaja, yakaondoka, yakaja tena, na kichwa cha Shangazi kikajaa. Mara moja alichukua kitana azifumue, Bibi akaguna na kugonga ubao wa kitanda mpaka kitana kikarudi juu ya kabati. Hakukutiwa nta wala dawa. Vidole, maji, na tone la mafuta ya nazi tuliyopika wenyewe. Nje hakuna aliyejua, maana Shangazi hatoki bila ushungi. Waliojua ni wa uani, na wa uani alikuwa mmoja mwenye mdomo wa watu kumi: Mama Sele, jirani yetu, msusi, ambaye mlango wake wa nyuma unatazamana na wetu.

"Shoga, umefuga nini hicho kichwani?"

"Nywele."

"Mie msusi, nywele nazijua. Hebu niambie, ukioga josho la kujitwaharisha, maji yanafika kwenye ngozi?"

"Njoo na ndoo umimine, uhakikishe."

"Nimimine nikuogeshe, nimekuwa mama yako?" Wakacheka wote wawili, na Bibi ndani akacheka upande mmoja wa uso.

Bibi alifariki asubuhi, kabla sijaenda shule. Watu walijaa nikakosa pa kukaa, na mtu mzima mmoja, sikumbuki nani, akanituma nikachume majani ya mkunazi kwenye mti ulio nyuma ya nyumba. Nilichuma mpaka mikono ikachanwa na miiba. Nikaona wanawake wakiyatwanga kwenye kinu chetu kile kile cha kisamvu, wakayavuruga na maji, povu jeupe likapanda. Nikaambiwa nipeleke bakuli mpaka kwenye pazia la shuka, niishie hapo. Mkono ukatoka nyuma ya pazia, ukachukua bakuli. Nikauliza, "Ya nini?" Sauti ikajibu, "Ya kumwosha Bibi yako, anasafiri." Baadaye wakamtoa, na ile harufu ya majani ikabaki uani mpaka jioni.

Kwa mtoto wa miaka minane hesabu hiyo ni rahisi. Majani ya mkunazi yakitwangwa, mtu anaondoka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mama mmoja mzee kati ya waliomwosha Bibi aliziona nywele za Shangazi pale ndani, akamnong'oneza kuwa zamani wao waliosha nywele zao kwa povu hilo hilo, halikaushi kama sabuni na halibaki kichwani. Shangazi alikuwa anasumbuliwa na mba. Akaliweka neno hilo moyoni.

Siku zikapita, wageni wakatawanyika, tukabaki wawili. Shangazi akawa mtu wa kimya. Akakunja kanga za Bibi, akazigawa. Akawa hali vizuri. Mchana, baada ya kazi zote, akaanza kulala kwenye kitanda cha Bibi, ubavu ule ule, kichwa ukingoni. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni natazama kama kifua kinapanda.

Halafu Ijumaa moja, wakati nakula kiporo cha muhogo, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, ukirudi kutoka shule kanichumie majani ya mkunazi. Mengi. Alasiri nataka nioshe."

Sikuuliza aoshe nini. Nililirudisha tonge sahanini. Darasani sikusikia kitu. Hakuna aliyejua kwamba shangazi yangu amepanga kufa alasiri, na mimi nilikuwa mtoto wa kutosema. Ningemwambia nani? Nadhani ndiyo sababu mpaka leo simcheki mtoto yeyote anayeogopa kitu kidogo.

Niliporudi nilisimama nimeshika shina la mkunazi, bila kuchuma hata jani moja. Hapo Mama Sele akaniita mlangoni kwake. Alikuwa amemaliza kumtengeneza mteja. Akanipa kopo la njano la nta ya nywele, limebaki nusu. Juu yake kulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka meno yote, nywele zinang'aa kama viatu vya harusi, na kando yake jani la kijani.

"Mpelekee shangazi yako. Mwambie apake, zile kamba zake zishike na zing'ae, afanane na watu walio hai."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema kwa utani. Mimi nilisikia dawa.

Niliingia ndani. Shangazi amelala kwenye kitanda cha Bibi, usingizi mzito wa mtu aliyechoka mwaka mzima. Nikakaa chini kwenye mkeka, pale pale alipokuwa anakaa yeye, ila nimegeukia kitanda. Nikafungua kopo. Harufu ya matunda ambayo hakuna mti unaoyazaa ikajaa chumbani, na nikaifurahia, maana iliifukuza ile ya mkunazi kwenye pua yangu. Nikachota kwa vidole. Nikaanza na zilizokuwa karibu, zile za nyuma ya sikio la kulia, nikapaka moja moja, kutoka kwenye mzizi mpaka ncha, nikikandamiza iingie. Nikapaka mpaka kopo likaonesha kitako chake. Na Shangazi, namwona hivi sasa, akatabasamu usingizini. Akanong'ona, "Mama."

Niliona nimeshinda.

Aliamshwa na adhana. Akaenda bombani kutawadha, nikamfuata nyuma nione kama ni mzima. Uso, mikono, kisha akapitisha viganja vyenye maji kichwani, na maji yakateleza yakaanguka kama juu ya jani la gimbi. Akapitisha tena. Akasimama na mikono hewani. Akavuta dredi moja mbele ya macho yake: njano, inanata, na imeshika nyuzi nyeupe za sufi za mto wa Bibi mpaka imekuwa kama mkia wa paka.

"Nani?"

Nilikuwa bado nimeshika kopo. Nililia kabla hajanigusa, na wala hakunigusa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sitaki ufe."

"Nani kakwambia nakufa?"

"Wewe. Umesema nichume mkunazi. Umesema unaosha."

Akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji. Akanitazama, akatazama kopo, akatazama mlango wa chumba cha Bibi, na nadhani kila kitu kilimjia kwa pamoja, kwa sababu alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia tangu msiba. Kwenye msiba wenyewe alikuwa anagawa vikombe.

Mama Sele akatokea, amesikia. Alipoona kichwa akaweka mkono mdomoni. "Mie nilisema apake kidogo! Kidogo tu juu! Mtoto kamaliza kopo!" Akaingia kwake akatoka na mkasi. "Shoga, nta ikiingia ndani ya dredi haitoki. Inaoza humo. Na swala yako je, maji hayaingii? Kata zote, zitaota nyingine."

"Zitaota nywele," Shangazi akasema. "Hizi haziwezi kuota tena. Aliyezianza yuko kaburini."

Mama Sele akauficha mkasi nyuma ya mgongo wake, na ndipo na mimi nikaelewa nilichokuwa nimekipaka. Nilikuwa nimeipaka kazi ya mwisho ya mkono wa Bibi.

Nikauliza, "Shangazi, umekasirika?"

"Nimekasirika sana," akasema. "Koka jiko."

Tulifanya kazi ile siku tatu. Mama Sele ndiye aliyechemsha maji na kukamua taulo, analiweka la moto kichwani pa Shangazi mpaka nta ilainike, analibana fungu kwa fungu kwa kitambaa cha pamba, anasugua sabuni ya mche, anasuuza. Alikuwa anajilaumu na kulichamba kopo kwa maneno kwa wakati mmoja. "Wameandika asilia, wameweka na jani. Jani lenyewe liko wapi humu? Hebu nioneshe jani!" Na baada ya sabuni ndipo mkunazi ulipokuja. Shangazi alinipeleka mwenyewe kwenye mti, tukachuma pamoja, nikatwanga mimi. Povu lilipopanda nilirudi nyuma hatua mbili. Akaniinamisha ghafla, akanipaka kichwani, kwenye kile kipara changu cha shule, akajipaka na yeye.

"Haya," akasema, povu linamtiririka hadi puani. "Tumekufa wangapi hapa?"

"Mie msinihesabu!" Mama Sele akapiga kelele kutoka jikoni.

Nilicheka mpaka povu likaniingia mdomoni. Chungu kidogo. Hofu yangu ikaishia kwenye uchungu ule.

Kazi yangu mimi ilikuwa kioo. Kulikuwa na kipande cha kioo cha kabati kilichovunjika, ukubwa wa kiganja. Kila baada ya kusuuza, Shangazi alikamua dredi moja, tone likaanguka juu ya kioo, nami nikatoka nacho juani. Tone likikauka likaacha ukungu unaoteleza ukipitisha kidole, nilisema, "Bado." Likikauka likaacha kioo kama kilivyokuwa, nilisema, "Safi." Siku ya kwanza nilisema bado, bado, bado mpaka sauti ikaniishia. Siku ya pili safi zikaanza kuja. Ndivyo ninavyopima mpaka sasa. Dada wa mtaa wa pili ananiletea mafuta anayouza, jeli, maji ya kupuliza, yote yana picha nzuri. Mimi natia tone kwenye kioo, naliacha lipigwe jua, kisha namwagia maji ya baridi. Kinachogoma kutoka kwenye kioo, kitatokaje katikati ya nywele iliyojisokota? Mafuta ya nazi yenyewe hayatoki kirahisi, ndiyo maana Shangazi anatia tone moja tu, tena kwenye ngozi. Simwambii mtu asinunue. Aibu hainiruhusu. Ila kioo nakiacha pale mezani aone.

Siku ya tatu jua likizidi kupanda, zote zilikuwa safi isipokuwa tatu. Zile za nyuma ya sikio la kulia. Nilizianza hizo nikiwa na nta nyingi mkononi na hofu nyingi moyoni, na sufi ilikuwa imeingia mpaka kwenye kiini, imeshikana na nta, haitoki. Zilikuwa ndizo za kwanza kabisa za Bibi. Shangazi akazipapasa muda mrefu. Akamwambia Mama Sele, "Lete."

Mimi nilizishika wakati zinakatwa. Zilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Tulizifukia chini ya mkunazi, kama tunavyofukia nywele zote, na Shangazi akasawazisha udongo kwa kandambili yake. Nilisubiri aniambie neno la kunilaumu, nimelisubiri miaka. Alichosema ni hiki, akionesha pale nyuma ya sikio, ngozi imebaki wazi: "Hapo pako. Zikiota, utazianza wewe."

Nilidhani ananifariji tu. Lakini zilipoota zikashikika, alikaa chini, akaegemea kitanda cha Bibi, akaniita. Nikapanda juu ya kitanda. Nikaanza kusokota kwa mkono wa kulia, kama ninavyoandika. Akanishika kifundo cha mkono.

"Siyo hivyo. Nyingine zote zimeelekea kule. Sokota kwa kushoto."

Nilichukua wiki nyingi kujifunza. Kushoto kwangu kulikuwa kijinga, dredi zilitoka nene hapa nyembamba kule, na Mama Sele kila akipita alisema, "Msusi mpya, foleni ikoje leo?" Lakini zilishika. Tatu. Jumamosi hadi Jumamosi, maji na vidole, mpaka hazikunihitaji tena.

Sasa turudi jana. Shangazi ameniosha kichwa kwa lile povu, nimekaa juani mpaka nimekauka, nimetia tone kwenye kioo na nimesema safi bila kuombwa. Nimekaa chini, magoti yake huku na huku ya mabega yangu. Akaanzia nyuma ya sikio la kulia. Nilihisi nywele zinavutwa kwa mwelekeo usio wa kawaida, nikakiinua kile kioo nitazame. Shangazi si mashoto. Anakata vitunguu kwa kulia, anaandika kwa kulia. Alikuwa ananisokota kwa kushoto.

Nilitaka kusema asante. Niliitafuta mdomoni kama nilivyotafuta majibu darasani, ikakwama pale pale majibu yanapokwamaga.

"Kichwa," Shangazi akasema. "Kaa sawa."

Akainama aone vizuri. Dredi zake zikaanguka mbele, ndefu sasa, zinafika kiunoni, na tatu kati yake fupi kuliko nyingine kwa kiganja kizima, nene hapa nyembamba kule. Zikanigusa shavuni. Zilinukia mkunazi. Sikuzisogeza.